Kamba Hukata Jiwe



Leo tumependa kuzungumza na jamaa zetu, na hasa mama zetu na dada zetu, juu ya jambo ambalo tulilisoma vitabuni tangu utotoni, lakini hatukulifahamu vyema mpaka tulipofunzwa na mtu aliyekuja kwetu kama mwanafunzi. Jambo lenyewe ni kudumu: mtu kulishika jambo la kheri, likamwia zito, akashindwa leo, kisha kesho akarudi tena.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja katika darasa letu la wanawake, linalosomeshwa baada ya sala ya alasiri, mama mmoja mtu mzima, umri wake umeshapita miaka 60. Hatutamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa. Kazi yake ni kupika mahamri na mbaazi na kuuza barazani pake tangu alfajiri, na kwa kazi hiyo alilea watoto watano baada ya kufiwa na mumewe. Alipokuwa mdogo hakupelekwa chuoni ila siku chache, kisha akazuiliwa nyumbani kumsaidia mama yake kulea wadogo zake.

Nyumbani kwake marehemu mumewe alimwachia msahafu, pamoja na ile tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyochapishwa kamili mwaka 1969. Kila Ijumaa aliipangusa vumbi, akairudisha kabatini, wala hakuweza kusoma hata mstari mmoja. "Mwalimu," alituambia, "nataka nihitimu kabla sijafa."

Tukamwanzisha kijuzuu. Mwenzetu wa nyumbani hukaa upande wa wanawake akiwaonyesha herufi, nasi hukaa upande wa pili wa pazia tukisikiliza na kusahihisha. Miezi sita ikapita, na yule mama bado anachanganya sini na shini, bado irabu zinampotea. Wasichana wadogo waliokuja nyuma yake walimpita wakaenda zao mbele, na mara nyingine tulisikia kicheko kikizuiliwa kwa kiganja.

Hapa ndipo tunapotaka kukiri kosa letu. Siku moja, baada ya darasa, tulimwambia kwa sauti ya upole, nasi tukidhani ni huruma: "Mama yetu, umri umekwenda. Yakutosha uhifadhi sura fupi kwa kusikia, upate za kusalia. Usijitese." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Ahsante. Basi kesho nije saa zile zile?"

Tulirudi nyumbani tumeinamisha kichwa. Ni mara ngapi tulipanda mimbari tukawasomea watu hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba mwenye kusoma Qur'ani kwa kubabaika, nayo ikimwia nzito, ana ujira mara mbili? Tulikuwa tukiisoma kwa ulimi. Mwenye kustahiki ujira huo alipotujia, tulimwambia apumzike.

Usiku ule tulimkumbuka Bibi Hajar. Nabii Ibrahim, kwa amri ya Mola wake, alimwacha katika bonde lisilo mmea, pamoja na mwanawe Ismail aliyekuwa akinyonya. Alikuwa na kiriba cha maji na mfuko wa tende. Maji yalipokwisha na mtoto akawa anagaagaa kwa kiu, mama yule alipanda Safa akatazama, asione mtu. Akateremka, akakimbia bondeni, akapanda Marwa, asione mtu. Akarudi. Akafanya hivyo mara saba. Lau angalipima kazi yake kwa aliyoyaona juu ya kilima, mara ya pili ingalitosha kumkatisha tamaa.

Na tuzingatie jambo moja. Maji hayakutoka Safa, wala hayakutoka Marwa. Yalitoka pale alipokuwa mtoto, mahali ambapo mama hakuwa akipatafuta. Basi je, mbio zile zilikuwa bure? Hasha. Mwenyezi Mungu alizifanya ibada, na hadi leo kila anayehiji au kufanya umra, awe mfalme au mchuuzi, mwanachuoni au mtu wa kawaida, hupita katika nyayo za mama mmoja, mwendo wa kama kilomita tatu kwa zote saba.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi kwamba mwanamke avumilie kila dhulma na kuiita subira. Bibi Hajar hakukaa chini akingoja. Alimtegemea Mola wake na huku miguu yake inakwenda. Kudumu tunakokusudia ni kule kwa mtu anayeendea kheri. Anayepigwa na kudhulumiwa, kheri yake ni kutafuta haki yake, na katika hilo pia asichoke.

Turudi kwa mama yetu. Aliendelea kuja. Alitusimulia baadaye kwamba alfajiri, kabla ya kukanda, alitandaza unga juu ya sinia akaandika kwa kidole herufi ya jana, akaifuta, akaiandika tena. Alijiwekea mstari mmoja kwa siku, hazidishi wala hapunguzi. Alipougua malaria alikosa wiki mbili, na aliporudi alianza pale pale alipoachia. Wazee wetu walinena: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Asiyeamini na atazame kingo za visima vyetu vya kale, aone mifuo iliyochongwa na kamba ya kuteka maji.

Baada ya karibu miaka mitano alihitimu. Ililetwa halua na kahawa, na wasichana wale waliocheka walikuja, mmoja ameshabeba mtoto wake. Alipofika sura ya mwisho sauti yake ilitetemeka, na upande wetu wa pazia sisi tulijifuta macho kwa kilemba.

Jamaa zetu, katika kila nyumba yumo mtu wa namna hii. Huenda ni mama anayetaka kujifunza kusoma, au binti aliyeanguka mtihani anayetaka kuurudia, au kijana anayeanza biashara ya pili baada ya kufilisika ya kwanza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, ijapokuwa ni chache. Basi mpeni mtu huyo saa moja kwa siku. Baba ashike watoto, kijana aoshe vyombo, na neno "umri umekwenda" lisitamkwe mbele yake, kama tulivyolitamka sisi.

Siku hizi, baada ya isha, mama yule hufungua msahafu akasoma aya kwa pole, na mjukuu wake humsomea maana yake katika kitabu cha Sheikh Farsy. Vitabu vile havikai tena na vumbi.

Ewe Mola wetu, tujaalie thabati katika kheri, na utusamehe pale tulipowavunja moyo waja wako. Amin.