Moto Ukishazimwa, Itazame Nguzo

Sisi wakazi wa Bariadi twauogopa moto kwa sababu ya pamba. Msimu ukifika, pamba hujaa maghalani na vinuni, na cheche moja yatosha. Lakini ghala likiwa la zege, watu hupumua: mali itateketea, bati litaanguka, nguzo zitabaki. Mimi huzitilia shaka nguzo hizo hizo.

Zege haliwaki kama mbao, ila huumia. Ndani yake hubaki maji, hata baada ya miaka mingi. Joto likipita nyuzi 100 za Selsiasi, maji hayo hugeuka mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea hubandua uso wa zege, pengine kwa mlio wa kushtua. Kokoto nazo zina tabia zake. Mawe ya matale, ambayo Usukumani tunayo tele, yana chembe za kwatsi, nazo hutanuka ghafla zifikapo nyuzi 573, zege likachanika toka ndani. Nondo zilizovuliwa ganda hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake zikikaribia nyuzi 600. Na moto wa ndani ya jengo waweza kupita nyuzi 800 kwa nusu saa tu! Ndiyo maana fundi anayebania zege juu ya nondo ili kuokoa saruji simwiti mwekevu.

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua. Jengo hilo lilisanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Moto ulipozimwa, zege lake lilikuwa bado limesimama. Hata hivyo wachuuzi hawakurejeshwa kesho yake; ukarabati ulichukua miaka.

Kwetu mambo huenda mbio zaidi. Masizi hufutwa, lipu hupigwa, na familia hurudi chumba cha nyuma ya duka. Lipu hiyo huficha dalili zote: rangi ya waridi, ambayo mara nyingi huonyesha kuwa zege limepita nyuzi 300, nyufa, na sauti ya uwazi nyundo inapogonga. Zaidi ya hayo, zege likishapoa halirudishi nguvu zake. Chokaa iliyoungua ndani yake hunyonya unyevu, ikavimba, na nyufa mpya zikatokea siku nyingi baadaye, watoto wamekwisha kulala chini yake.

Basi mwenye nyumba akikuita urejee, muulize ni mhandisi gani aliyezikagua nguzo kabla ya lipu kupigwa.