Tembe la bibi Ihumwa

Jumamosi iliyopita mimi na mama tuliondoka Miyuji mapema. Tulipanda daladala hadi Sabasaba, tukaunganisha nyingine ya barabara ya Dar es Salaam mpaka Ihumwa. Wajomba walikuwa wameitisha kikao: tembe la bibi livunjwe au libaki? Mimi niliitwa kwa sababu moja tu. "Wewe unaandika mambo ya afya," mjomba mkubwa aliniambia kwenye simu, "njoo umweleze bibi yako ukweli."

Wengi wanaijua Ihumwa kwa kuipita wakienda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Wapenzi wa ushairi wanaijua kwa jambo jingine. Huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, hakimu na mshairi aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka 1954. Baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA, akaeneza ngonjera, zile tulizokariri shuleni na kuzisema mbele ya mgeni rasmi.

Jina hilo la UKUTA lilinijia niliposimama nje ya tembe la bibi, maana tembe kwa nje ni ukuta mtupu. Halina madirisha, ila vitundu vya kupitishia hewa. Vyumba vimejipanga kuzunguka ua, na milango yote inatazama ndani, ng'ombe wanakolala. Lango ni moja tu. Paa ni bapa, la boriti, fito na udongo, limebebwa na nguzo zenye panda.

Ndugu msomaji, hiyo ilikuwa ngome. Zamani Ugogo ilisumbuliwa na wavamizi waliofuata mifugo, Wamasai upande mmoja na Wahehe upande mwingine. Paa la udongo haliwaki moto kirahisi kama la nyasi, na mwizi wa ng'ombe alipaswa kupita lango lile lile walilolilinda wenye nyumba. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Tabora na Ujiji iliyaona matembe haya njiani, na ilitoa hongo kwa watemi ndipo ipate maji na ruhusa ya kupita.

Kilichoyapunguza matembe si vita. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera za UKUTA zilitumika kuwaeleza wananchi siasa ya Ujamaa. Mnyampala alifariki 1969. Muda mfupi baadaye ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa vijijini na kuhimizwa kujenga nyumba bora. Siasa aliyoiimbia mshairi ndiyo iliyowatoa wengi wa watu wake katika nyumba za mababu.

"Mbukwa," tulimsalimu bibi. Alitukalisha ndani. Nje jua lilikuwa kali, lakini mle mlikuwa na ubaridi mtamu. "Bati linachoma mchana, mvua ikija linakunyima usingizi," alisema kabla hata hajaulizwa.

Nami nilikuwa na la kusema. Masika iliyopita bibi aliugua homa, ikapoa, ikarudi. Mara mbili alipewa dawa za malaria. Mara ya tatu ndipo damu yake ilipoonyesha homa ya papasi. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, humuuma mtu aliyelala na kurudi mafichoni. Aliyelala huenda asijue. Ngome iliyozuia maadui wa nje imemficha adui wa ndani.

Nilimweleza hivyo hivyo. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa papasi akiuma, wanaovunja ni nyumba au ni kitanda?"

Wajomba walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lilikuwa sahihi. Hatari kubwa iko pale anapolala. Tulikubaliana ajengewe chumba cha tofali chenye sakafu ya saruji na dirisha, na kitanda kiwekwe mbali na ukuta, chini ya chandarua. Ng'ombe wahamishiwe zizi la nje ili nzi wapungue. Upande wa lango ubaki, bibi akae humo mchana na wageni wake.

Mjomba mkubwa hakufurahi sana. Alitaka kumaliza kazi yote kwa siku moja.

Kama nawe una mzee katika tembe, kagua nyufa za chumba anacholala, na uzizibe. Akipata homa inayoondoka na kurudi, mpeleke hospitali na mwambie mtabibu nyumba anayolala ni ya namna gani. Sisi hatukusema hayo mapema. Hakuna aliyetuuliza, nasi hatukujua kwamba yana maana.