Simbi Nne za Bibi

Bibi yangu wa Kabambare, mashariki mwa Kongo, hakuwahi kukaa mkeka mmoja na mkwe wake. Heshima ilitaka hivyo: mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja, hawatazamani usoni. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto, wawili hao waliwaagulia watu kwa pamoja: bibi ndani, mkwe barazani, na mimi nikipita mlangoni kupeleka habari.

Bibi alitumia ungo na simbi. Pwani wangesema kauri. Kwetu ni simbi. Zake zilikatwa mgongo ili zilale vizuri pande zote mbili, mdomo juu au mdomo chini. Alipaka ungo pemba, udongo mweupe, akaweka mbegu, kipande cha mkaa na uzi uliotolewa kwenye nguo ya mwenye shida, kisha akarusha. Simbi iliyofumbua mdomo karibu na uzi ilikuwa na neno lake. Iliyoegemea mkaa ilikuwa na neno jingine, ambalo hakulitamka mbele ya watoto.

Mkwe, niliyemwita baba mdogo na kijiji kizima kikamwita mwalimu, alitoka Kasongo. Asubuhi alifundisha Kurani, alasiri alipiga ramli. Alitandaza mchanga mkavu, akachoma kwa kidole mistari 16 ya nukta bila kuzihesabu, halafu akazifuta mbili mbili. Mstari ukibakiza moja, aliandika nukta moja. Ukibakiza mbili, aliandika mbili. Mistari minne ni alama moja, na alama nne za kwanza ndizo mama. Hao huzaa wengine wanne, nao huzaa wengine, mpaka anapatikana wa 15, hakimu. Hakimu lazima awe na nukta za shufwa. Akitoka witiri, mwalimu alifuta kila kitu na kuanza upya, maana hapo alijua amekosea njiani. Sijaona chombo kingine cha uaguzi kinachomwambia mwenyewe kwamba kosa ni lake.

Mwanzoni hawakuaminiana. Mwalimu aliona simbi ni ushirikina. Bibi alisema mchanga hauna macho. Kisha usiku mmoja wa masika mwanamke alileta mtoto asiyenyonya, na mchanga wote ulikuwa umelowa. Bibi akaniita.

“Kamwambie baba yako mdogo, simbi ina pande mbili. Nukta zake si ni moja au mbili?”

Nilirudi na jibu: “Anasema, mama mkwe amrushie simbi nne, mara nne.”

Kuanzia usiku ule kazi ikabadilika. Mdomo juu ni nukta moja, mdomo chini ni mbili. Zikifumbua zote nne ni Tariki, njia. Zikifumba zote ni Jamaa, mkusanyiko. Nilikimbia nikirudia moyoni, moja, mbili, mbili, moja, na mwalimu akaandika kwa mkaa kwenye ubao wake. Bibi alikuwa ameshausoma ungo wake kwanza, na alichokiona alikaa nacho mpaka hakimu atajwe. Vyombo viwili vikikubaliana, mgonjwa aliambiwa. Vikipingana, alirudishiwa kuku wake wa malipo na kuombwa aje siku nyingine. Waluba walio kusini kwetu wana kashekesheke, kibao chenye kichwa cha mtu ambacho mwaguzi na mwenye shida hukishika pamoja wakikisugua, nacho hujibu kwa mwendo wake. Kwetu pia mikono ilikuwa ya watu wawili, ila ukuta ulisimama katikati.

Watu huniambia simbi ni asili yetu na ramli ni ya Waarabu. Lakini simbi haziishi katika mto Lualaba. Zilitoka Bahari ya Hindi vichwani mwa wapagazi, na karne ya 19 zilikuwa fedha katika soko la Nyangwe. Misafara ileile ya Ujiji ilileta vitabu na walimu, Kasongo ikawa mji wa Waungwana wa mfanyabiashara Tippu Tip, hadi majeshi ya kamanda Mbelgiji Dhanis yalipouteka Aprili 1893. Vyombo vyote viwili vilikuja kwa miguu.

Siku hizi, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Namoya, nimemwona kijana akiagua kwa simbi, kioo, msahafu na simu, vyote kwenye kitambaa kimoja. Mchimbaji anauliza shimo lina mali au halina, na kila chombo kinaitikia ndiyo. Iliniuma. Hapana hata kimoja kilichopewa nafasi ya kukataa.

Vita vya 1998 vilipotufikisha msituni, mwalimu alikuwa ameshafariki, na bibi alibaki na simbi nne tu, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Mama mmoja alikuja na chumvi kwenye jani, akamuuliza kama mwanawe yu hai. Bibi alirusha, mimi nikachora chini kwa kijiti, nikazaa alama kama nilivyomwona mwalimu akifanya. Hakimu akatoka witiri. Nilifuta, nikaanza tena, akatoka Tariki.

“Njia,” nikasema.

Bibi alizitazama simbi kwa muda mrefu. Kisha akaniagiza nimrudishie mama yule chumvi yake yote, na yeye mwenyewe akaikung'uta mikono yake juu ya jani, punje zisibaki.