Sauti ya Mtu Mwingine

Tunaandika kwa neno "sisi" kwa sababu kosa tunalolisimulia hapa halikutendwa na mtu mmoja. Lilitendwa na mchungaji pamoja na wazee wa kanisa tisa, wakiwa wameketi kuzunguka meza moja, baada ya sala ya kufungua kikao na kabla ya chai. Anayeshika kalamu ni mchungaji, lakini wazee wamesomewa kila neno na wamekubali lichapishwe.

Usharika wetu uko Msamvu, mjini Morogoro. Anayeijua Msamvu anajua kwamba hapa kimya ni kitu adimu. Barabara ya Dar es Salaam, ya Dodoma na ya Iringa zinakutana hapa. Wapiga debe wa stendi huanza kuita abiria kabla ya alfajiri, na malori hupiga breki za upepo usiku kucha. Ukiinua macho unaiona milima ya Uluguru imetulia ndani ya ukungu, lakini masikio yako hayapati sehemu katika utulivu huo.

Katikati ya kelele hizo anaishi binti yetu mmoja ambaye kazi yake inataka kimya. Yeye ni mwigizaji wa sauti na msomaji wa vitabu vya kusikiliza. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ameomba hivyo. Alianza na tangazo la duka la nguo, lile linalorudiwarudiwa kwenye spika mlangoni tangu asubuhi hadi jioni. Wenye redio wakamsikia, wakampa matangazo. Kisha ikaja michezo ya redio, na mwishowe vitabu. Na Jumapili, kwa miaka minne, yeye ndiye aliyekuwa akitusomea Waraka. Akisoma, hata watoto wa nyuma walinyamaza.

Mwezi mmoja kabla ya Kwaresma, kina mama wawili walikuja ofisini. Walikuwa wamesikia mchezo wa redio kwenye simu ya kijana wa bodaboda. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mwenye nyumba ya kulala wageni, anayewapokea wasichana wanaoshuka kwenye mabasi kutoka vijijini, anawaita "mwanangu", anawaahidi kazi, kisha anawauza. Sauti ilikuwa ya binti yetu. "Baba Mchungaji," wakasema, "kinywa kile kile Jumamosi kinatongoza watoto wa watu, Jumapili kinatusomea Paulo. Sisi tushike lipi?"

Tulikutana Alhamisi. Shauri lilichukua chini ya nusu saa. Hatukumweka chini ya marudi, maana hakuna aliyeweza kuitaja dhambi yenyewe. Tuliandika kwamba "anapumzishwa kwa muda katika huduma ya kusoma Neno, ili kulinda dhamiri za washarika." Aliitwa, akaambiwa akiwa amesimama. Hakubishana. Alisema, "Nimesikia, wazee wangu," akaondoka. Hatukuuliza hata swali moja kuhusu kazi yake. Tuliona tunaijua kwa sababu tulikuwa tumeisikia.

Wa kwanza kutusumbua alikuwa bibi mmoja wa usharika asiyeona. Huja kanisani ameshikwa mkono na mjukuu. Baada ya Jumapili tatu alimshika mchungaji mlangoni akasema, "Yule binti yuko wapi? Siku hizi Waraka mnatusomea kama mtu anayesoma mita ya maji." Watu waliokuwa karibu walicheka. Bibi hakucheka. Alieleza kwamba yeye hana Biblia nyingine. Biblia yake ni kile kinachosomwa kwa sauti, na kisiposomwa vizuri wiki hiyo anakaa bila Neno.

Ikafika Ijumaa Kuu. Katika usharika wetu habari ya mateso husomwa kwa kugawana sehemu. Mwinjilisti husimulia, mzee mmoja husoma maneno ya Petro, mwingine ya Pilato, na umati husomwa na kanisa zima. Chuoni, tulipokuwa tukijifunza theolojia, tulifundishwa kwamba desturi hii ni ya kale, na kwamba Walutheri wameitunza hata katika muziki. Johann Sebastian Bach alipotunga habari ya mateso kwa Mathayo, ambayo inaaminika iliimbwa mara ya kwanza Leipzig Ijumaa Kuu ya mwaka 1727, ilibidi awepo mwimbaji wa kumwimba Yuda na mwingine wa kumwimba Kayafa. Haya yote tuliyajua. Tulikuwa tumefanyia mitihani.

Siku ile mwenyekiti wa baraza alisoma maneno ya Petro. Alimkana Bwana mara tatu kwa sauti nzito na safi, kisha akarudi kuketi. Zamu ya umati ilipofika, tulisimama wote, mchungaji, wazee, kwaya, kina mama wale wawili na watoto wa kipaimara, tukapaza sauti kwamba Baraba afunguliwe na Yesu asulubiwe. Tulipiga kelele vizuri, maana tumezoea. Binti yetu alikuwa benchi la mwisho naye akapiga kelele pamoja nasi. Mchungaji alimwona, na kwa muda hakuweza kuendelea na liturjia.

Kila mwaka kanisa zima huazima sauti ya wauaji wa Bwana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupumzishwa. Tunafanya hivyo kwa sababu tunataka kusikia, kwa vinywa vyetu wenyewe, kwamba tungeweza kuwa wale. Basi kwa nini binti huyu alipoazima sauti ya mwenye dhambi tulimwona yeye ndiye mwenye dhambi?

Jambo hili lilirudishwa barazani wiki iliyofuata. Mjadala ulikuwa mrefu safari hii, na wengine hawakutaka tubadili tulichoandika. Ndipo akaomba nafasi mzee ambaye katika kikao cha kwanza hakufungua kinywa. Ni dereva mstaafu. Tunayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake na ya mkewe.

"Mchungaji, wazee wenzangu. Mimi niliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma miaka kumi na minne. Mnakumbuka ule mchezo wa redio wa Mkwaju? Mkwaju alikuwa dereva wa lori kama mimi, ana mke nyumbani na ana wanawake njiani. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia trafiki, kwa sababu alikuwa anajua siri zangu. Utingo wangu akiufungulia nilimwambia azime. Halafu nikawa namwambia afungulie. Mkwaju alipougua na kufa, niliegesha lori Mikumi nikakaa ndani mpaka giza. Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu. Niko hai. Kanisani wakati ule hakuna aliyenitajia ugonjwa huo kwa jina lake. Aliyenitajia ni mwigizaji."

Hakuna aliyejibu. Mchezo aliousema ni Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki. Baadhi yetu tulikuwa watoto wa shule ya msingi na tuliusikiliza sebuleni bila kuelewa kwa nini watu wazima walinyamaza ghafla. Kituo cha Dodoma hakikuurusha mpaka mwaka 1995, kwa hiyo watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, waliweza kulinganisha eneo lililousikia na lililokuwa bado. Walikuta kwamba wengi waliousikiliza walipunguza idadi ya wapenzi wao, na baadhi wakaanza kutumia kinga. Inasimuliwa pia kwamba mwigizaji wa Mkwaju alipotambuliwa kwa sauti yake sokoni Dar es Salaam, wanawake walimrushia nyanya.

Sisi hatukurusha nyanya. Tulitumia muhtasari wa kikao.

Na tukumbuke kanisa lilivyokuwa likizika watu miaka ile. Kwenye mazishi yalisomwa maneno "aliugua kwa muda mrefu", na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Watumishi wa Mungu walikuwa na mimbari na hawakuitumia, na watu waliokuwa wakilipwa kidogo, wasiojulikana sura, wakasimama mbele ya maiki wakatamka yale ambayo sisi tuliona haya kuyatamka. Haikupasa iwe hivyo. Kanisa letu si geni katika kazi ya sauti. Shirikisho la Kilutheri la Dunia lilikuwa na redio yake kubwa Addis Ababa, Sauti ya Injili, kuanzia mwaka 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipoitwaa mwaka 1977, na vipindi vya Kiswahili vilikuwa vikiandaliwa studioni Moshi.

Baada ya kikao kile, watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kwa binti yetu kuomba radhi. Alitukaribisha chai, na tulipomaliza kusema tulilojia, alituonyesha anapofanyia kazi. Ni chumba chake cha kulala. Mablanketi yametundikwa ukutani, na godoro huegemezwa mlangoni. Hurekodi kati ya saa saba na saa kumi usiku, malori yanapopungua. Mvua ikipiga bati, kazi imeishia hapo. Siku ya kurekodi hali karanga wala hanywi soda baridi, bali maji ya uvuguvugu. Kurasa zake zimejaa alama za penseli za pa kuvuta pumzi na pa kushusha sauti. Kando ana daftari la wahusika, yupi ana kikohozi, yupi husema harakaharaka, ili mzee wa sura ya kwanza asije akawa kijana katika sura ya kumi. Saa moja ya kitabu humla saa nne au tano za kazi, maana kila kosa hurudiwa na kila honi hufutwa.

Mmoja wetu alimuuliza alivyompata yule mwanamke wa nyumba ya wageni. Akajibu, "Ilinibidi nimpende kidogo, mzee. Nisipompenda, anakuwa katuni, na msichana anayeshuka stendi hatamtambua. Watu wale hawasemi kwa ukali. Wanasema kwa upole." Kisha akatuambia jambo ambalo tungelijua zamani kama tungeuliza. Mwaka uliotangulia aliombwa kurekodi tangazo la mganga aliyedai kuponya kila ugonjwa na kurudisha wapenzi. Malipo yalikuwa kodi ya miezi mitatu. Alikataa. "Kwenye mchezo kila mtu anajua kwamba ninaigiza. Kwenye tangazo lile wangeniamini mimi."

Tulikuwa tumekwenda kumfundisha tofauti ya kuigiza na kudanganya, ikawa yeye ndiye anayetufundisha. Anayeigiza na anayesikiliza wamekubaliana, na uongo hauna makubaliano hayo. Kwa hiyo hatusemi kila kazi ya sauti ni njema. Sauti inayouza kamari au dawa ya uongo imeuza imani ambayo si mali yake. Lakini kuyabeba maneno ya mtu mwingine kwa uaminifu, ili msikilizaji ajione, ni kazi ambayo Maandiko yanaifahamu. Ezra alisoma torati mbele ya Lango la Maji tangu mapambazuko hadi adhuhuri. Towashi wa Kushi alikuwa akisoma nabii Isaya kwa sauti garini, ndiyo maana Filipo alimsikia. Yohana, mwanzoni mwa Ufunuo, anamtaja kwa baraka msomaji pamoja na wanaosikia. Na kila tunaposoma Zaburi ya 51 tunasema "mimi" ya Daudi aliyelala na mke wa Uria. Luther naye alilifananisha kanisa na nyumba ya kinywa kuliko nyumba ya kalamu. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia, na wengi wa wale Warumi hawakuweza kuisoma barua hiyo wenyewe. Ilibidi mtu fulani awasomee.

Binti yetu alitusamehe siku ile ile, lakini hakurudi mara moja kwenye meza ya kusomea, nasi hatukumharakisha. Alisema kwamba kila akifikiria kusimama pale anajisikia akipimwa. Hilo ni deni letu, na halikufutwa kwa chai ya jioni moja. Alichoomba ni Jumamosi mbili kwa mwezi awafundishe wasomaji wengine, na wazee nao wahudhurie. Tumehudhuria. Mwenyekiti wetu amefundishwa mahali pa kuvuta pumzi. Mchungaji ameambiwa kwamba anaisoma Injili kana kwamba ameshajua itakavyoisha.

Alirudi kusoma Jumapili ya Pentekoste. Bibi asiyeona aliinua kichwa kwenye neno la kwanza, akampapasa mjukuu wake mkono.

Maneno ya kikao kile bado yamo kwenye kitabu cha mihutasari. Hatukuyafuta. Tumeandika chini yake kwamba tulikosa, na sote kumi tumetia sahihi.