Kwa Baiskeli Hadi Chanzo cha Nile

Jumamosi iliyopita, jua lilipochomoza, mimi na mwanangu wa miaka kumi tuliondoka Nalufenya, hapa Jinja, kila mtu na baiskeli yake. Tulifuata vijia vya vumbi vielekeavyo kwenye bustani ya Chanzo cha Nile, pale mto unapoliaga Ziwa Victoria.

Kabla ya mteremko nilimwamuru ajaribu breki zote mbili, wala asibane ya mbele peke yake, kwani gurudumu hilo likikwama ghafla mpandaji huweza kurushwa mbele. Alitii, tukafika salama.

Ukingoni aliniuliza, “Baba, maporomoko ya Ripon tuliyosoma shuleni yako wapi?”

Nilimwonyesha maji yaliyotulia. Speke aliyaona yakinguruma mwaka 1862. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, yalikuwa yamekwisha kuzama. Hata yale ya Bujagali, upande wa chini wa mto, yalifunikwa kwa ajili ya bwawa jingine lililozinduliwa mwaka 2012.

“Basi tumeyauza,” akasema.

Nilimjibu kwamba tumeyatoa ili tupate umeme wa viwanda, wa hospitali, na wa taa anayosomea. Aliyelipa bei kubwa hana budi kukitunza alichonunua.

Wakati wa kurudi tulizikokota baiskeli mlimani, kimya. Usiku ule, bila kuambiwa, mwanangu aliinuka akazima taa iliyokuwa ikiwaka katika chumba kitupu.