Jiwe la Mirongo, mitambo ya Jinja

Mirongo, asubuhi. Mto huu unakatiza mji wa Mwanza ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba chupa za plastiki na taka za sokoni hadi Ziwa Victoria. Ufukweni, mzee anayeshona nyavu ananionyesha jiwe. “Mwaka 2006, mwanangu, hili ulilizunguka bila kulowa. Mwaka 2020 hukuliona kabisa.”

Wiki iliyopita nilikuwa Jinja, Uganda, maji haya yanakotoka ziwani na kuwa Nile. Bwawa la Nalubaale, lililozinduliwa 1954 kwa jina la Owen Falls, lina megawati 180. Kando yake wakachimba mfereji, wakajenga kituo cha Kiira chenye megawati 200, kilichoanza kazi mwaka 2000. Mitambo iliongezeka, maji hayakuongezeka. Na kuna kanuni tangu enzi za Waingereza, iliyokubaliwa na Misri: bwawa lipitishe maji kadiri yale ambayo yangepita yenyewe, bila bwawa, kwenye miamba ya maporomoko ya Ripon. Ziwa likipungua, baadhi ya mitambo lazima isimame.

Kati ya 2003 na 2006 mitambo haikusimamishwa ilivyopaswa. Umeme ulikuwa haba, maji yakafunguliwa kupita kanuni, na ukame nao ukala sehemu yake. Ziwa likashuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Mwishowe maji yakabanwa, na mgawo wa umeme ukaikamata Kampala.

Kule Jinja niliandika: “Mitambo imekaa bure, fedha za watu zimelala.” Leo nimeufuta mstari huo. Mtambo uliosimama Jinja ni maji yaliyobaki hapa mwaloni, na mtumbwi unaofika nchi kavu bila kusukumwa kwenye tope.

Kwetu Tanzania pia ziada ya umeme ipo. Machi 2024, Bwawa la Nyerere likiwa limeanza kuzalisha, shirika la umeme, TANESCO, lilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Ningependa ziada hiyo inyamazishe kwanza mitambo ya mafuta mazito, kama ile ya Nyakato, hapa Mwanza.

Mchana napima kwa hatua. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nahesabu kutoka majini, kisha kutoka kwenye jiwe la mzee. Vibanda vilevile, mara vimo ndani ya sheria, mara vimeivunja. Na mmoja wa mikono inayousogeza ukingo huo uko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, kwenye milango ya bwawa.