Mahindi na Chokaa Mjini Copenhagen

Nilipohamia Copenhagen kusoma, mwaka 2009, nilikuta wanafunzi wenzangu wana kawaida ya kwenda mgahawa mmoja wa Kimexico Ijumaa jioni. Kofia pana zilitundikwa ukutani, muziki ulifunguliwa kwa sauti ya juu, na karibu kila sahani ililetwa imefunikwa jibini ya njano iliyoyeyuka. Tulikula nyama ya kusaga iliyozidishwa bizari nyembamba, imeviringishwa ndani ya mkate laini wa ngano. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekuzwa kwa ugali wa dona na samaki wa nazi. Nilikwenda kwa ajili ya wenzangu tu. Mahindi, nafaka iliyozaliwa Mexico, niliyaona kwenye bakuli la vibanzi vya kuchovya na basi.

Chakula kile nacho kina ukoo wake. Kimetoka mpakani mwa Mexico na Marekani. Nachos, vile vibanzi vya mahindi vyenye jibini, kwa mfano, zilibuniwa miaka ya 1940 na Ignacio Anaya katika mji wa Piedras Negras, alipowaandalia wanawake wa Kimarekani waliovuka mto wa mpakani kuja kula. Mapishi ya mpakani yalienea Texas, yakaingia viwandani, yakafika Skandinavia ndani ya maboksi. Huko Norway na Sweden familia nyingi hula taco nyumbani kila Ijumaa, na watoto wanakihesabu kuwa chakula cha kwao. Siwalaumu hata kidogo. Ila mtu aliyetoka nyumba inayosonga ugali kila siku hapati jambo jipya kuhusu mahindi kutoka kwenye boksi lile.

Mwaka 2015 mambo yakageuka. Rosio Sánchez, mpishi aliyezaliwa Chicago kwa wazazi wa Kimexico na aliyewahi kusimamia vitamutamu katika mgahawa maarufu wa Noma, alifungua kibanda cha taco kiitwacho Hija de Sanchez katika soko la Torvehallerne, lile la vioo karibu na kituo cha Nørreport. Mahindi aliyaagiza Mexico kwenyewe, na unga wa tortila, mkate mwembamba wa kukunjia taco, ukawa unatengenezwa mjini Copenhagen.

Nilifika siku ya upepo mkali, nikapanga foleni pamoja na Wadenmark waliovaa makoti mazito. Kilichonishika kwanza ni harufu. Ilikuwa harufu ya mahindi yaliyochemka, ile ile inayotoka kwenye sufuria ya makande yakikaribia kuiva, na nyuma yake ukali mdogo ambao sikuutambua. Niliagiza taco ya samaki, maana nguruwe sili. Tortila yenyewe ilikuwa ndogo, ya moto, yenye madoa ya kuungua, na ilikunjika mkononi bila kupasuka. Hilo lilinishangaza kuliko ladha. Unga wetu wa mahindi ukiukanda kwa maji na kujaribu kuusukuma uwe mwembamba, unakatikakatika, kwa sababu mahindi hayana ule mvutano wa ngano. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akizigeuza jikoni wameongeza nini.

"Chokaa," akanijibu.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana juu ya chokaa hiyo. Mahindi makavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa safi ya kupikia, huachwa yalale humo usiku kucha, kisha huoshwa mpaka maganda yatoke, ndipo yasagwe yangali na maji. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati wamefanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Chokaa hulainisha ganda, huufanya unga ushikamane, huongeza kalisiamu, na zaidi ya yote huifungua vitamini B3 ambayo ndani ya mahindi imefungwa hivi kwamba mwili hauwezi kuichukua.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Wazungu walipoyabeba mahindi kuvuka bahari, walibeba mbegu wakaacha ujuzi. Maskini wa Ulaya walioishi kwa mahindi matupu wakapatwa na pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na wengi wakafa. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo kaskazini mwa Hispania mwaka 1735, na baadaye uliwatesa sana wakulima wa kaskazini mwa Italia waliokula polenta, ugali wao wa mahindi, asubuhi na jioni. Si habari ya zamani peke yake. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua, baada ya karanga kukosekana katika mgawo wao wa chakula. Sisi wengine wa Afrika Mashariki, tuliopokea mahindi kupitia Wareno, tumelindwa na kitoweo: dagaa, maharage, karanga ndani ya mchicha. Mwenye ugali mkavu hana kinga hiyo.

Baada ya hapo nikawa mteja wa kweli. Mwaka 2017 Sánchez alifungua mgahawa kamili mtaa wa Vesterbro, nami nikaendelea kutafuta migahawa ya aina hiyo kila nilikosafiri. Katika chakula cha Kimexico nilikutana na vitu vya nyumbani ambavyo sikutegemea kuviona Ulaya. Wanakunywa juisi ya ukwaju na ya choya, na hiyo ni mimea ya Afrika iliyovuka bahari kuwafuata. Embe wanalitia chumvi, ndimu na pilipili, sawasawa na sisi. Mahindi ya kuchoma pia. Hata ile nyama inayozungushwa kwenye mti mbele ya moto na kukatwa vipande vya taco ilianzia kwa wahamiaji kutoka Lebanon waliokwenda Mexico na shawarma yao.

Ugali bado naupika, na sitauacha. Lakini siku hizi nauona ni nusu ya habari ya mahindi, na nusu ya pili wanayo Wamexico. Chokaa safi ya kupikia si ghali, na njia yenyewe haihitaji mtambo wowote zaidi ya sufuria, maji na usiku mmoja wa kusubiri. Naomba wataalamu wetu wa lishe, wenye mashine za kusaga na akina mama lishe waijaribu kwa mahindi yetu meupe, wapike, waonje, na watuambie kimetoka nini.